Kitenzi "Sajili" na Jamaa Zake: Kutoka Muhuri wa Roma hadi Machimbo ya Segese

1. Utangulizi

Kitenzi "sajili" ni mojawapo ya nguzo za lugha ya utawala katika nchi yetu. Vizazi na vifo husajiliwa. Makampuni, vyama vya siasa, vyama vya ushirika, magari na laini za simu, vyote husajiliwa. Tunaye Msajili wa Hazina, Msajili wa Vyama vya Siasa na Msajili wa Mahakama. Mtumishi anayetafuta jalada huenda masjala, na mpenzi wa kandanda hungoja dirisha la usajili ajue timu yake imempata nani. Neno lililoenea kiasi hiki aghalabu haliulizwi limetoka wapi, wala mipaka yake iko wapi.

Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo mawili. Kwanza tutafuata historia ya neno lenyewe, ambayo inaanzia mbali kuliko inavyodhaniwa na wengi: si Uarabuni, bali Roma. Katika kuifuata tutakutana na jamaa zake walioko katika Kifaransa, Kihispania, Kireno na lugha nyingine zilizozaliwa na Kilatini, jamaa ambao wafasiri wetu wanazidi kukabiliana nao tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Pili, tutatazama matumizi ya kitenzi hiki mahali ambapo tofauti ndogo ya maana inaweza kumgharimu mtu riziki yake, nayo ni machimbo ya dhahabu ya ukanda wa Shinyanga na Geita, tukiichukua kata ya Segese kuwa mfano. Mwisho tutatoa mapendekezo machache kuhusu istilahi.

Yafaa tutangulize tahadhari moja. Asili ya neno si hukumu juu ya maana yake ya leo. Neno "gereza" lilitokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Lakini hakuna hakimu anayempeleka mfungwa kanisani kwa sababu hiyo. Maana hutawaliwa na matumizi ya wasemaji. Hata hivyo historia ya neno huweza kutuonyesha ni mawazo gani yaliyofungamana ndani yake, na ni yapi kati ya hayo ambayo tungekuwa na hasara kuyapoteza.

2. Muhuri mdogo wa Roma

Katika Kilatini neno "signum" lilikuwa na maana ya alama au ishara. Kutokana na neno hilo Warumi waliunda nomino ya udogo, "sigillum", yaani alama ndogo au kisanamu. Vito vya pete za Warumi vilichongwa picha ndogo za aina hiyo, na pete zenyewe zilitumiwa kupigia alama juu ya nta iliyofunga barua na hati. Ndipo "sigillum" likapata maana ya muhuri, na kutokana nalo kikazaliwa kitenzi "sigillare", kutia muhuri.

Muhuri huo wa nta ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kufunga: aliyepokea barua na kukuta nta imevunjika alijua kwamba mtu mwingine amekwisha kuisoma. Kazi ya pili ilikuwa kuthibitisha: picha iliyokuwa juu ya nta ilionyesha hati imetoka kwa nani, na kwa hiyo ilikuwa na nguvu gani. Tunamwomba msomaji azikumbuke kazi hizi mbili, kufunga na kuthibitisha, kwani historia yote ya neno hili ni habari ya jinsi zilivyoachana njia.

3. Katika lugha zilizozaliwa na Kilatini

Kilatini cha kawaida kilipogawanyika na kuwa lugha mbalimbali za Ulaya, kitenzi hiki kiliendelea kuishi katika sura zifuatazo:

Kiitalia: sigillare, na pia suggellare
Kihispania: sellar
Kireno: selar
Kikatalani: segellar
Kifaransa: sceller
Kirumania: a sigila

Mwalimu wa isimu atatambua mara moja kwamba tofauti hizi si za ovyo. Katika Kihispania, Kireno na Kifaransa sauti "g" iliyokuwa katikati ya irabu mbili ilidhoofika hata ikatoweka, na irabu zilizobaki zikaungana. Kisha kila lugha ikashika desturi yake. Pale Kilatini kilipokuwa na "l" mbili, Kihispania kina sauti inayoandikwa "ll", na Kireno kina "l" moja. Ndiyo maana farasi, "caballus" wa Kilatini, ni "caballo" kwa Kihispania na "cavalo" kwa Kireno, kama vile muhuri ulivyo "sello" na "selo". Kifaransa kilifika mbali zaidi: nomino yake, "sceau", haina tena hata hiyo "l", na herufi "c" iliyomo haikutoka katika Kilatini bali iliongezwa na waandishi ili neno lisichanganywe na "seau", ndoo. Kirumania, kwa upande wake, hakikurithi neno hili kinywani mwa wazee bali kililichukua baadaye kutoka katika lugha ya wasomi, na kwa sababu hiyo bado linafanana sana na Kilatini.

Kuhusu maana, karibu lugha zote hizi zilishika zaidi ile kazi ya kwanza ya muhuri, yaani kufunga. Mwashi Mfaransa anayesimika nondo ukutani kwa saruji hutumia kitenzi hichohicho, "sceller". Kihispania na Kireno huita stempu ya barua "sello" na "selo". Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba lugha hizi mbili zina pia umbo la pili la neno hili, lililoingia kwa njia ya wasomi na Kanisa, nalo ni "sigilo". Maana yake ni siri. Padri haruhusiwi kutoa nje aliyoyasikia katika kitubio. Wajibu huo katika Kilatini cha Kanisa uliitwa muhuri wa kitubio, na kutokana na matumizi ya namna hiyo muhuri ukawa siri. Benki ya Kireno isiyotaka kutoa habari za mteja wake husema inalinda "sigilo".

Hapa pana mitego miwili kwa mfasiri. Wa kwanza ni "selar" wa Kireno, ambacho ni vitenzi viwili vyenye umbo moja: kimoja ni hiki chetu cha kutia muhuri, na cha pili ni kumtandika farasi, kilichotokana na neno jingine kabisa la Kilatini, "sella", yaani kiti. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Lugha hizi hazitumii "sellar" wala "sceller" kwa maana yetu ya kusajili. Kwa kazi hiyo zilichukua kitenzi kingine, kilichotokana na "regerere", kurudisha au kukusanya mahali pamoja, ambacho kilizaa nomino "regesta", mambo yaliyokusanywa na kuandikwa. Humo ndimo yalimotoka "enregistrer" ya Kifaransa, "registrare" ya Kiitalia, "registrar" ya Kihispania, na ya Kireno ambayo huandikwa "registar" huko Ureno na Msumbiji na "registrar" huko Brazili. Tena Kihispania kimekiongezea "registrar" maana ya kupekua: askari akifanya hivyo nyumbani kwa mtu hasajili chochote, anafanya upekuzi.

Kwa ufupi, basi, watoto wa "sigillum" waliobaki Ulaya ya magharibi walibaki na nta: wakafunga, wakaziba, wakaficha.

4. Njia ya mashariki

Upande wa mashariki wa dola ya Kirumi mambo yalikuwa mengine. Huko lugha ya utawala ilikuwa Kigiriki, nacho kililichukua neno la Kilatini na kulifanya "sigillion". Katika ofisi za Konstantinopoli neno hilo halikubaki kuwa jina la muhuri peke yake. Lilikuwa pia jina la hati yenyewe iliyotiwa muhuri. Kutoka katika Kigiriki neno likafika katika Kiarabu kwa umbo la "sijill".

Neno hili lilikuwa limekwisha kuingia Kiarabu katika karne ya 7, kwani limo katika Kurani, Sura ya Manabii, aya ya 104, ambapo kukunjwa kwa mbingu kunafananishwa na kukunjwa kwa karatasi za maandishi. Wafasiri wa mwanzo wa Kurani walitofautiana juu yake. Wengine walisema ni karatasi au kitabu, wengine ni jina la malaika, na wengine ni jina la mwandishi. Kutofautiana huko kwenyewe ni dalili kwamba neno lilionekana geni. Walimu watahadhari wasilichanganye na "sijjil" la Sura ya Tembo, yaani mawe ya udongo, ambalo asili yake ni Kiajemi na halihusiani na muhuri hata kidogo.

Waarabu walipoitwaa Shamu na Misri walikuta huko ofisi zilizokuwa zikiendeshwa kwa Kigiriki, nazo ziliendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Ni khalifa Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia 685 hadi 705, aliyeanza kuzigeuza daftari za dola ziwe za Kiarabu. Lugha ya ofisi ilibadilika, lakini maneno ya kazi hayakufutika yote. Neno "daftari" lenyewe asili yake ni jina la Kigiriki la ngozi, na "karatasi" nalo limepitia Kigiriki. Katika mazingira hayo "sijill" likazoea kazi ya kiserikali: kwa watawala wa Kifatimi wa Misri lilikuwa jina la waraka rasmi wa khalifa, na katika dola ya Kituruki daftari za mahakama za makadhi ziliitwa kwa jina hilo. Kutokana na nomino hiyo Kiarabu kikaunda kitenzi chake, "sajjala": kuandika katika kumbukumbu rasmi.

Hivyo ndivyo njia zilivyoachana. Magharibi neno lilishikamana na nta iliyofunga hati. Mashariki lilishikamana na hati iliyofunguliwa ikasomwa na kuhifadhiwa. Mzee mmoja wa Kirumi amewazaa "sigilo" wa Kihispania, ambaye ni siri, na "sijill" wa Kiarabu, ambaye ni kumbukumbu ya watu wote.

Wala "sajili" si neno pekee la Kilatini lililotufikia kwa jahazi la Kiarabu. "Kandili" ni "candela", "dinari" ni "denarius", "kasri" ni "castrum" yaani boma la jeshi, na "sabuni" ni "sapo", ambalo Mfaransa analiita "savon" na Mreno "sabão".

5. Kuingia katika Kiswahili

Kitenzi "sajili" kimeingia Kiswahili kwa kufuata mkondo wa vitenzi vingine vingi vya Kiarabu vya namna yake. Kama vile "fassara" ilivyotupa "fasiri", "baddala" ikatupa "badili", na "qaddara" ikatupa "kadiri", ndivyo "sajjala" ilivyotupa "sajili". Kikiwa kitenzi chenye asili hiyo hakiishii kwa irabu "a", lakini kimekubali viambishi vyetu bila shida: sajilia, sajiliwa, sajilika, sajilisha, sajiliana. Kimetupa "usajili" na "msajili", na kando yake tunalo "masjala", lenye umbo la nomino za mahali za Kiarabu kama "maktaba", "mahakama" na "madrasa".

Ni vizuri kulinganisha jambo hili na mchango wa Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, kasha na mvinyo. Lakini karibu maneno yote waliyotuachia ni nomino. Vitu vyao vilibaki, vitendo vyao havikubaki. Kilatini kilichofika kwa njia ya Kireno kiliingia nyumbani na jahazini; kilichofika kwa njia ya Kiarabu kiliingia mahakamani na ofisini, na hapo ndipo vitenzi vinapohitajika.

Baadaye Kiingereza nacho kikaleta fungu lake. Neno "saini" linatokana na kitenzi cha Kiingereza ambacho, kwa kupitia Kifaransa, kinarudi kwenye "signum" ileile. Kwa hiyo mwananchi anayetia saini katika fomu ya usajili anatumia, bila kujua, maneno mawili ya ukoo mmoja: moja la mzazi, jingine la mtoto, yaliyoachana Roma na kukutana tena katika karatasi moja ya Kiswahili. Fundi wa pampu anayebadilisha "sili" ili mafuta yasivuje anatumia neno la tatu la ukoo huo, tena lililobaki na ile kazi ya kale ya kuziba. Na "rejesta" imetujia kwa Kiingereza kutoka kwa kitenzi kile cha pili cha Kilatini tulichokitaja.

Kazi ya kuyapanga maneno haya ilipata uzito mpya mwaka 1967, Serikali ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kama ilivyokuwa katika ofisi za Abd al-Malik, lugha iliyokuwa ya nyumbani, msikitini na sokoni ilitakiwa kubeba majalada.

Matokeo yake hayakufanana kila mahali. Kwa mfano, namna ya lugha inayotumika katika mazingira maalumu, kama vile ya mahakamani au ya hospitalini, walimu wa Kenya huiita "sajili", ilhali walimu wa Tanzania huiita "rejesta". Aidha katika vyombo vya habari vya Kenya husikika kwamba timu "imesajili ushindi". Huo ni mwigo wa Kiingereza, na hauna haja, kwani timu za Kiswahili zimekuwa zikipata ushindi tangu zamani bila kuusajili.

6. Neno katika machimbo: mfano wa Segese

Kata ya Segese imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga, katika eneo la Kahama. Eneo hilo ndilo lenye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, na ukanda wake wa madini unaendelea hadi Geita, ambako habari za dhahabu zilijulikana tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1898. Pamoja na migodi mikubwa, ukanda huu una wachimbaji wadogo wengi, wenyeji wa Usukuma, Unyamwezi na Usumbwa pamoja na wageni kutoka mikoa mingine. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Lugha ya machimbo ni tajiri. Shimo la kuchimbia ni "duara". Mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu ni "mwalo". Mashine ya kusaga mawe ni "karasha". Mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu kidogo ni "marudio". Maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote. Yamezaliwa kazini, yanaeleweka, na anayetafsiri miongozo ya usalama migodini angefanya vyema kuyatumia badala ya kuunda mengine mezani. Kwa mambo ya chini ya ardhi lugha hii inajitosheleza. Inapopungukiwa ni pale inapokutana na lugha ya ofisi, na hapo ndipo kitenzi chetu kinapoingia.

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kuna watu wa daraja mbalimbali: mwenye leseni, mwenye shamba ambalo ardhi yake inachimbwa, mwenye duara anayegharimia uchimbaji, na wachimbaji wenyewe wanaolipwa kwa mgawo wa mawe. Mambo haya yanapoandikwa, huandikwa katika daftari: nani ana duara gani, nani kaingia zamu, mifuko mingapi imetoka. Kuandika huko ni jambo jema na la lazima. Swali ni kitenzi gani kitumike kukuelezea.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kuchimba madini bila leseni. Kwa wachimbaji wadogo kuna leseni yao, ambayo hutolewa kwa Watanzania peke yao, kwa muda wa miaka 7 unaoweza kuongezwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 jukumu hilo liko mikononi mwa Tume ya Madini. Haki ya kuchimba, basi, haitokani na daftari la machimboni. Inatokana na leseni iliyoingizwa katika kumbukumbu za Tume.

Sasa tumfikirie mchimbaji anayesema, "Sisi tumesajiliwa." Katika mazingira haya sentensi hiyo fupi inaweza kuwa na maana tatu. Huenda majina yao yameandikwa katika daftari la duara. Huenda kikundi chao kimesajiliwa kuwa kikundi au chama cha ushirika, jambo ambalo linakifanya kitambuliwe, kifungue akaunti na kuomba mkopo, lakini halikipi haki ya kuchimba hata hatua moja ya ardhi. Au huenda wao ndio wenye leseni iliyomo katika rejesta ya madini. Maana ya kwanza haina nguvu kisheria juu ya ardhi ile. Ya pili inakipa uhai chombo chao. Ya tatu inawapa haki. Anayezichanganya anaweza kutoa jasho na akiba yake ya miaka miwili katika duara, kisha siku ya ugomvi akaonyesha daftari, na mwenzake akaonyesha leseni.

Kosa hilo si la mchimbaji. Mara nyingi linaanzia katika lugha ya matangazo. Tangazo linaloandikwa kwamba "wachimbaji wote wanatakiwa kujisajili ofisini kabla ya mwisho wa mwezi" halimwambii msomaji kama anaitwa ili majina yahesabiwe, au ili kikundi kitambuliwe, au ili aombe leseni. Mwandishi wa tangazo anajua alichokusudia. Msomaji wa Segese hana njia ya kujua. Aliyetii na kuandikwa jina atarudi duarani akiamini kwamba sasa yuko salama, kwa kuwa neno alilosikia ni lilelile linalotumika kwa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe na kadi ya gari la tajiri. Neno limemwahidi zaidi ya kile alichopewa.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia na hali tuliyoieleza, tunapendekeza watumishi wa umma na wafasiri watenganishe vitendo vifuatavyo.

(a) Orodhesha: kuweka majina au vitu katika orodha kwa ajili ya hesabu au kumbukumbu. Kuorodheshwa hakuzai haki wala wajibu. Majina ya walioingia zamu huorodheshwa.

(b) Andikisha: kupeleka taarifa zako au za mwingine ili ziandikwe. Kiambishi cha kutendesha kinaonyesha wazi kazi ya kila mmoja: mzazi anaandikisha mtoto shuleni, karani anaandika.

(c) Sajili: kitendo cha mamlaka iliyopewa uwezo na sheria, cha kuingiza mtu, chombo, mali au haki katika rejesta na kutoa uthibitisho wake. Mtendaji wa kitenzi hiki ni mamlaka, si mwombaji.

(d) Sajilisha: kitendo cha mwombaji kuifikisha shughuli yake kwa mamlaka mpaka isajiliwe. Mchimbaji husajilisha kikundi, Msajili hukisajili.

(e) Rejesta na masjala: rejesta ni kitabu au hifadhi ya kumbukumbu zilizosajiliwa, masjala ni ofisi yanamotunzwa majalada. Mtu hatafuti haki yake masjala ikiwa haimo katika rejesta.

(f) Tia muhuri na tia lakiri: kutia muhuri ni kuthibitisha hati, kutia lakiri ni kufunga kitu ili kisifunguliwe bila kujulikana. Mfasiri wa "sceller", "sellar" au "selar" ajiulize kwanza ni kipi kati ya viwili hivi kinachokusudiwa.

Mtumishi anayesitasita kati ya "andikisha" na "sajili" ajiulize maswali matatu. Je, kuna sheria inayoagiza jambo hili? Je, aliyeandikwa anapewa cheti au hati? Je, mtu mwingine anaweza kuomba kuiona kumbukumbu hiyo? Majibu yakiwa ndiyo, atumie "sajili" bila hofu. La sivyo, atosheke na "andikisha" au "orodhesha", ambayo ni maneno mazuri na ya kweli.

Tunatambua kwamba matumizi yaliyokwisha kukita mizizi hayafuati mpango huu kila mahali. Wapiga kura wetu huandikishwa katika Daftari la Kudumu, ingawa kitendo hicho kina nguvu ya sheria. Msemo huo unaeleweka na hauna sababu ya kubadilishwa. Magazeti ya michezo yataendelea kusema kwamba klabu imesajili mchezaji, ingawa kwa hakika klabu humtia mkataba na shirikisho ndilo humsajili. Na mitandao ya kompyuta imetuzoesha "jisajili", umbo la ajabu kidogo ukikumbuka kwamba hakuna aliyeweza kujitia muhuri mwenyewe. Baraza haliwezi kuyafukuza matumizi hayo, wala halina haja. Tunachoomba ni kwamba pale penye haki ya mtu, kama katika ardhi, madini, uraia, mirathi na ajira, waandishi wa nyaraka wasiyaige.

8. Tamati

Tumeona kwamba "sajili" ni neno la Kilatini lililopitia Kigiriki na Kiarabu kabla ya kufika kwetu, na kwamba katika safari hiyo liliacha nyuma nta ya kufungia likabaki na hati ya kuthibitisha. Ndugu zake wa Ulaya walichagua kufunga, hata mmoja wao akawa jina la siri. Sisi tumerithi upande wa pili: kumbukumbu iliyo wazi, yenye mamlaka nyuma yake, ambayo mnyonge anaweza kuielekeza kidole na kusema, "Tazama, jina langu limo." Kumwambia mtu kwamba amesajiliwa wakati jina lake limo tu katika daftari la mfukoni mwa mwingine ni kulirudisha neno hili kwenye nta. Na huko Segese, kama popote penye mali chini ya ardhi, wenye kufaidika na mambo yaliyofungwa huwa si wale walioshika sururu.

Wafasiri, walimu na watumishi wenye maoni tofauti juu ya mapendekezo haya, au wenye mifano kutoka katika machimbo, mashamba na ofisi za sehemu zao, wanakaribishwa kuyaleta ili yajadiliwe kabla ya istilahi hizi kusanifishwa.